Sinema za Bando la Usiku

Bei ya bando ndiyo iliyotupangia saa ya kuangalia sinema. Mchana intaneti ilikuwa ghali, na mwanafunzi akishapiga hesabu ya nauli na chakula alikuwa habakiwi na kitu cha kuchezea. Ikishapita saa sita usiku mitandao ya simu ilishusha bei, na mwenye buku mfukoni angeweza kumaliza filamu mbili kabla ya adhana ya alfajiri. Tatizo la pili lilikuwa jabali. Hosteli yetu ya Malimbe iliegemea mwamba mkubwa, kama zilivyo nyumba nyingi za Mwanza, na mwamba ule ulikuwa unaziba mtandao kuliko ukuta wa zege. Chumbani picha iliganda kila baada ya dakika mbili. Getini, chini ya mwembe, mtandao ulifunguka vizuri kabisa. Basi tukawa tunabeba laptopu, viti vya plastiki na blanketi, tunakwenda kukaa na mlinzi.

Akaunti ya Netflix ilikuwa ya kaka wa mwenzetu mmoja aliyekuwa kazini Dar es Salaam. Kila mwisho wa mwezi tulimpigia simu kumjulia hali, na sote tulijua hali tunayoiulizia. Kisichokuwamo Netflix tulikitafuta YouTube na kwingineko, au kwa vijana wa Nyegezi wanaokujazia flashi kwa jero.

Mlinzi mwenyewe alikuwa mzee wa Kisiwa cha Ukara, mvuvi wa miaka mingi hadi mgongo ulipomkatalia mtumbwi. Tulimwita babu, naye alituita wajukuu, na shikamoo yetu alikuwa anaiitikia bila kuondoa macho barabarani. Mwanzoni hakuwa na habari na sinema zetu. Alikuwa na redio yake ndogo, koti zito na rungu. Lakini mtu akikesha mita mbili kutoka kwenye kioo kinachowaka, mwishowe ataangalia tu. Na alipoanza kuangalia, sisi wanafunzi wa habari, tuliofundishwa mchana namna ya kusoma mwanga na pembe za kamera, tukawa tunapata darasa la pili usiku.

Titanic tuliiweka kwa ajili ya mwenzetu mmoja ambaye hakuwahi kuiona, jambo lililotushangaza wote. Mwanza sinema hiyo ina historia yake. James Cameron aliitoa mwishoni mwa 1997, mwaka mmoja na nusu hivi baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996, ikija huku kutoka Bukoba. Kanda za Titanic zilipofika kwenye vibanda umiza vya mjini, makaburi ya waliozama, kule Igoma, yalikuwa bado na udongo mpya. Mama yangu hajaiangalia mpaka leo. Ikionyeshwa kwenye televisheni anakumbuka ghafla kwamba ameacha kitu jikoni.

Kwa zaidi ya saa nzima ya mwanzo, Jack na Rose wakihangaika na mapenzi yao, babu alikuwa na redio sikioni. Meli ilipogonga barafu akaizima. Akauliza mzigo umekaa upande gani. Akauliza wale abiria wa chini wameambiwa saa ngapi. Zile mashua za kuokolea watu zilizoshushwa nusu tupu zilimkera kuliko kitu kingine chochote; alisimama kabisa, akazunguka mwembe, akarudi kukaa. Halafu meli ikaanza kuinamia mbele, bendi ikaendelea kupiga muziki, watu wakakumbatiana na kuombana radhi. Babu akatikisa kichwa.

“Hii inazama kwa adabu,” alisema. “Inawapa watu nafasi ya kuagana.”

Hakuna mhadhiri aliyewahi kunieleza filamu ya maafa kwa maneno machache namna hiyo. Titanic halisi ilichukua takriban saa mbili na dakika arobaini kwenda chini, na ndani ya saa hizo Cameron alipata pa kuweka hadithi nzima: ushujaa, uoga, rushwa, mapenzi, sala. Sasa chukua MV Nyerere. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio Bugolora, kivuko kiliondoka Ukerewe kikivuka kwenda Ukara. Kilikuwa kimesajiliwa kubeba watu 101. Kilipinduka kikiwa kimebakiza mita chache kufika gati la Bwisya, mbele ya macho ya watu waliokuja kupokea ndugu zao, na waliokufa walizidi 220. Babu alikuwa na watu wake mle. Alitueleza, bila kupandisha sauti, kwamba kwa aliyesimama ufukweni ilikuwa ni kugeuka kumwitikia mtu salamu, ukigeuka tena kivuko hakipo. Hapakuwa na bendi. Hapakuwa na wa kuagana na mwenzake. Jumamosi yake fundi wa mitambo alitolewa mzima kutoka tumboni mwa chombo, na nchi nzima ikashika vichwa: kumbe mle ndani bado kulikuwa na hewa.

Tangu usiku ule nina maoni yangu juu ya filamu ya MV Bukoba, ambayo naamini iko siku itatengenezwa. Ikifuata njia ya Titanic itaharibika. Meli ile ilipinduka, tumbo likabaki juu ya maji, na waliokuwa ndani wakawa wanagonga chuma. Waokoaji walipotoboa, hewa iliyokuwa imeibeba ikatoka na meli ikaenda zake chini. Drama yote iko nje, juu ya bati lile, kwa watu wenye vifaa mkononi wanaosikia mlio na wanatakiwa waamue. Mwongozaji atakayeshuka ndani na kamera kutafuta wapenzi wawili atakuwa ameiacha hadithi juu.

Baadaye nikaanza kulifanya jambo hili makusudi. Nikipata filamu, kwanza najiuliza ndani yake kuna kazi gani, halafu namtafuta mtu anayeijua kazi hiyo. Squid Game, ile tamthilia ya Korea ya 2021 iliyotufunga dunia nzima, sisi tuliizungumza kama mchezo: nani atafika mwisho, nani atamgeuka nani. Mama lishe wetu wa Malimbe aliiangalia vipande vipande kwenye simu ya mwanaye huku akimenya ndizi, na hakujali michezo hata kidogo. Yeye alikuwa anafuatilia madeni. Alitaka kujua kila mshiriki anadaiwa shilingi ngapi, kwa nani, na riba yake ikoje. Alikuwa na mkopo wa kausha damu wakati huo, ule unaolipwa kila siku jioni, kijana wa marejesho akija anasimama mbele ya wateja. Ile sehemu ambapo washiriki wanaachiwa waende nyumbani, kisha wengi wanarudi wenyewe kwenye mchezo wa kufa, darasani tulibishana kama inaaminika. Mama lishe alitushangaa. Alisema angerudi pia, mradi wamlipie kwanza wiki hii.

Filamu ya The Boy Who Harnessed the Wind, iliyotoka Netflix mwaka 2019, nayo ilipata mwenyewe. Ni habari ya kweli ya William Kamkwamba wa Malawi, aliyejenga kinu cha upepo baada ya njaa ya 2001 na 2002 kwa kusoma kitabu cha maktaba. Chiwetel Ejiofor ameiongoza na ndiye anayecheza baba. Mtoto ni Maxwell Simba, kijana wa Kenya. Wengi huifurahia kwa sababu ya mtoto mwerevu. Mwenzetu wa Kwimba, aliyekulia kwenye pamba na ukame, aliishika kwa upande wa baiskeli. Mtoto anaihitaji ili aikate atengeneze mtambo, baba anakataa, na sisi tuliokulia mjini tukamhukumu baba kuwa mkaidi. Yeye akatuuliza tunajua baiskeli kijijini inafanya kazi ngapi: inapeleka mgonjwa zahanati, inaleta maji, inabeba gunia sokoni, na ukiiuza inakuwa ada. Mtu anakuomba akate gari lako, duka lako na akiba yako kwa msumeno, kwa sababu ya picha aliyoiona kitabuni. “Mimi ningempiga,” alisema, na alikuwa anasema kweli. Ukiiangalia hivyo, anayebeba filamu ni baba, na Ejiofor aliyejipa nafasi hiyo bila shaka alilijua hilo.

Zipo pia zilizopita bila kelele. Binti ya Seko Shamte, yenye wanawake wanne wa Dar es Salaam, iligombaniwa zaidi hosteli ya wasichana na ubishi wao ulitufikia kwa mbali tu. Katope ya Walt Mzengi Corey, moja ya zile filamu fupi sita za hadithi za Afrika zilizotolewa na Netflix na UNESCO mwaka 2023, babu aliipenda kwa sababu ilikuwa fupi. Ya Mganda Loukman Ali, ya mwanamke aliyetupwa kwenye kisiwa cha adhabu, hakuipenda. Mtu wa visiwani hakubali kirahisi kwamba kisiwa ni mahali pa kutupia mtu.

Lakini filamu iliyonifundisha zaidi ni ile ambayo Mwanza hatuipendi. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, raia wa Austria, ilipigwa hapa na ikatoka mwaka 2004. Inahusu sangara: samaki aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, akaongezeka kwa kasi miaka ya 1980, akawamaliza furu wa aina nyingi, akajenga viwanda vya minofu na kuleta ndege za mizigo za Ilyushin kuja kubeba minofu kwenda Ulaya. Filamu inauliza ndege hizo zilikuja na nini, na inaashiria kwamba baadhi zilikuwa zinabeba silaha za vita vya Afrika. Mwaka 2006 iliingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar, na mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani kwamba inaichafua nchi. Nilikuwa mdogo mno kukumbuka. Nilichokikuta nilipokua ni watu wazima wenye hasira na filamu ambayo wengi wao hawajaiona.

Tuliiangalia getini. Ilianza vizuri: kivuli cha ndege juu ya maji, kisha mwongoza ndege mnarani anapambana na nyuki kwa karatasi, tukacheka. Baadaye akatokea mlinzi wa usiku, mwenye upinde na mishale ya sumu, analinda taasisi ya utafiti wa uvuvi kwa dola moja kwa usiku. Babu akasogeza kiti. Mlinzi yule anaeleza kwamba kazi aliipata baada ya aliyemtangulia kuuawa. Anaeleza pia, macho yakiwaka kwenye giza, kwamba vita vikija watu watapata ajira, jeshini kuna mshahara. Ni sehemu inayotisha kuliko zote, na wahakiki wa Ulaya waliinukuu sana. Babu akaomba tuirudishe. Tukairudisha. Akaomba tena.

“Ameulizwa usiku,” alisema mwishowe. “Mlinzi usiku anasema lolote ili asilale. Huyu mzungu angemfuata mchana, nyumbani kwake, mke wake yupo, angesikia mengine.”

Nimesoma mengi yaliyoandikwa juu ya filamu ile, ya kuitetea na ya kuiponda. Wengi wanabishana kuhusu silaha, na ni haki yao, maana hatuonyeshwi hata bunduki moja ikishushwa. Tunachopewa ni rubani anayesimulia kwa huzuni safari yake ya zamani ya Angola. Sijakuta popote mtu aliyehoji saa ya mahojiano. Aliyehojiwa alikuwa kazini, na upinde wake mkononi. Maneno ya mlinzi yule yanaweza kuwa ya kweli kabisa, na bado ni maneno ya saa nane usiku, yakaenda kuchezwa saa mbili jioni kwenye kumbi za Paris kana kwamba ndiyo msimamo wa nchi.

Jumapili moja nikaipeleka filamu kwa mama mdogo, Igogo. Yeye alifanya kazi kiwanda cha minofu miaka ile ile, meza ya kukatia, buti na kofia nyeupe, mikono kwenye barafu toka asubuhi. Aliiangalia akiwa na kanga mabegani, hana haraka ya kukasirika. Wanaume walioonyeshwa aliwatazama kwa makini kama kuna anayemfahamu. Tulipofika kwenye mapanki, yale mabaki ya sangara yaliyobaki baada ya minofu kuondolewa, vichwa na miiba vikiwa vimeanikwa kwenye vichanja, funza wanatambaa, na mwanamke anayeeleza jinsi jicho lake lilivyoharibiwa na hewa ya amonia, nikamwangalia nikisubiri alipuke.

Hakulipuka. Alisema amonia ni kweli, na funza ni kweli, mvua ikinyesha mfululizo hukosi funza. Alichokikataa kilikuwa kingine. Alisema filamu nzima hakuna mtu hata mmoja anayekula kwa raha. Mapanki yakikaangwa vizuri, kichwa kikapasuliwa, yale mafuta ya nyuma ya shingo yakachanganyika na chumvi na pilipili, mtu anasahau jina lake. Yeye alinunua mapanki kwa toroli, akakaanga, akauza Mabatini jioni, na kwa biashara hiyo watoto wawili walivaa sare. “Alikuja wakati tunafanya kazi,” alisema. “Wakati tunakula hakubaki.”

Kisha akacheka na kuuliza mbona hawakuonyesha mabondo. Enzi zile, alisema, bondo la sangara halikuwa gumzo. Watu walikuwa wanahesabu minofu. Leo ndilo linalopigiwa simu, linakaushwa, linapangwa kwa ukubwa na kusafirishwa kwenda China, na kilo moja inazidi kwa mbali kilo ya minofu ile iliyokuwa inabebwa na ndege. Akamnyooshea kidole Sauper kwenye kioo, kama mtu aliyekosa basi. Kwa maoni yake huyo bwana angepaswa kurudi, maana mali yenyewe imebadilika na yeye bado anahangaika na mabaki.

Mimi siikatai Darwin's Nightmare. Ni filamu iliyotengenezwa kwa ustadi, na watoto wale wanaoyeyusha plastiki za vifungashio ili wanuse si wa kubuni. Mwanza imepata kuwa nao, na bado inao. Ila sasa naiangalia nikiwa na mlinzi upande mmoja na mkata minofu upande wa pili, na imekuwa filamu ndogo kuliko ile iliyozawadiwa Ulaya, na ngumu zaidi kuitupa kuliko ile iliyoshutumiwa nyumbani.

Wazazi wetu walikuwa na utaratibu wao wa jambo hili, nasi tuliosoma tukaudharau. Kwenye vibanda umiza, mikanda ya kigeni ilikuja na sauti ya mtu anayeeleza kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu. Aliyevuma kuliko wote ni Kapteni Derek Mukandala, mwanajeshi mstaafu tuliyemjua kwa jina la Lufufu. Hakufuata maneno ya waigizaji tu; aliongeza, alionya, alitania, alimkosoa hata shujaa. Jirani zetu wa Kampala wana ma-vijei wao, na Who Killed Captain Alex? ya Nabwana, ya 2010, ilipata umaarufu duniani na sauti ya vijei ikiwa ndani yake. Mhadhiri mmoja alituambia huo ni uharibifu wa kazi ya sanaa. Naona ulikuwa ni kiti kilichowekwa kwa mtu anayejua kitu. Mwanajeshi anapokuelezea sinema ya vita, walau anajua bunduki ina uzito gani.

Siku hizi nina kazi, nina intaneti ya mwezi mzima, na naweza kuangalia ninachotaka saa saba mchana nikiwa na spika masikioni. Naangalia nyingi zaidi na nazikumbuka chache zaidi. Babu amerudi Ukara. Nikipata likizo navuka kumsalimia, na mara ya mwisho nilimpelekea wazo ambalo limenikaa kichwani muda mrefu: filamu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ile riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Aliiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Ni kitabu kinene, kimejaa uvuvi, tiba, ndoa, mashamba. Kwa mwongozaji anayetafuta hadithi ya ziwa hili isiyo na ndege za mizigo, imelala pale inamsubiri.

Nikamweleza babu mwanzo wake: Myombekere amenyang'anywa mke na wakwe kwa sababu hawajapata mtoto, naye ili kumrudisha anatakiwa apeleke pombe ya ndizi. Babu akanikatiza hapo hapo. Akataka kujua hiyo pombe wataionyesha vipi. Ndizi lazima ziivishwe, zikamuliwe, juisi ichujwe, itiwe mtama uliokaangwa, ilazwe. Ni kazi ya siku kadhaa na mikono mingi, na mtu asiyeijua akijaribu kukamua mbele ya kamera kila mwanamke wa Ukerewe atamcheka.

Nikamwambia waigizaji watafundishwa, na wakikosea wanarudia.

“Wanarudia na ndizi zile zile?”

Nikamweleza kwamba hapana, kila wakirudia lazima vitu viwe vipya.

Akafikiri kidogo, akihesabu kimoyomoyo. “Basi huyo mwenye filamu,” akasema, “mwambie kwanza aje alime.”